Tulivyomtafutia Mama Chebet Habari za Kurudi Nazo

Safari hii ilikuwa ya mama mmoja wa Keiyo, kule Kenya kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Alikuwa amebakiza siku mbili kupanda ndege kurudi kwao, na katika wiki sita za kukaa Amerika hakuwa amepata jambo hata moja jema la kusimulia. Mimi niliiongoza tu. Lakini niliiongoza vizuri, isipokuwa pale nilipokosea, na hapo pia nitapaeleza.

Nianze na binti yake. Chebet alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Riverdale, jimbo la Maryland, karibu kabisa na Washington. Nilipofika Amerika mara ya kwanza ilikuwa Januari. Nilikuwa na koti la mvua la kupandia mlima, na imani kwamba mtu aliyezoea baridi ya Kilimanjaro hatishwi na baridi ya mahali pengine. Siku ya tatu nililala na soksi mikononi. Chebet, ambaye tulijuana kanisani tu, alinipa sofa yake kwa wiki tano, akanipa koti la kweli, akanipeleka kazini kwake nikaandikwa, akanifundisha kuendesha gari upande wa kulia wa barabara. Hakuwa ndugu yangu wala Mtanzania mwenzangu. Hadi leo nikisali humtaja kwa jina.

Nami si mtu wa kubebwa. Nilianza nikiwa mpagazi wa miaka kumi na saba, nikipandisha mizigo ya watalii kutoka Marangu kwa kichwa changu mwenyewe. Kutoka mpagazi nikawa mpishi, kutoka mpishi nikawa msaidizi wa kiongozi wa msafara, kisha nikajisomesha chuo cha wanyamapori hadi nikapata diploma. Wenzangu wengi wa siku zile bado wanabeba mizigo. Leo baadhi yao wanaibeba kwenye kampuni yangu. Huko Amerika nilitembea na nakala ya diploma hiyo ndani ya gari, kwenye kisanduku cha mbele, kwa sababu mtu hajui ni lini ataulizwa yeye ni nani. Nayaeleza haya ili msomaji ajue kwamba msafara huu ulikuwa mikononi mwa mtu wa kazi.

Oktoba ya mwaka 1997, siku ya Alhamisi, nilikwenda kumwamkia mama yake Chebet kwenye fleti yao huko Adelphi. Nilisema shikamoo. Akanijibu, "Mzuri sana," kwani kwao salamu hiyo haijafika, akanikaribisha kwa kidole mdomoni.

"Ongea polepole. Mtoto amelala."

Ilikuwa saa saba mchana. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Chebet alikuwa akifanya zamu ya usiku pale Riverdale, na asubuhi akitoka huko alipitia kwa bibi mmoja mgonjwa kumwogesha, ndipo akarudi kulala. Mama alishinda kwenye kiti, televisheni ikiwa imezimwa sauti, akiogopa hata kufungua bomba.

"Mama, Amerika umeionaje?" nilimuuliza kwa kunong'ona.

Alifikiri. Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. "Amerika ni zulia," alisema. "Zulia na friji."

"Hapana, Mama."

"Ni ukweli. Na mtoto wangu anaishi kama kuku wa gredi. Amefungiwa ndani, mapazia imefungwa, taa inawaka. Anakula, analala, anaamka. Mimi nikirudi wamama wa kanisa wataniketisha chini waniulize. Walinisindikiza na nyimbo hadi barabarani, wataniuliza. Sitawadanganya. Nitasema nimeona kuku wa gredi, na huyo kuku ni Chebet."

Nilipoaga, Chebet alinifuata kwenye ngazi akiwa na kanga begani. Kumbe hakuwa amelala. Alikuwa akilia bila sauti, kama anavyofanya kila kitu katika nyumba ile.

"Umesikia, Mosha? Akisema hivyo kwetu nimekwisha. Kuna wasichana huko wananiombea nifanikiwe ili nao waje. Na mama hadanganyi, hiyo ndiyo shida yake. Nime-try kumpeleka mall, akakaa kwenye benchi akaniambia viatu viko hata Eldoret."

"Ndege ni lini?"

"Jumatatu."

"Nipe Jumamosi," nilisema. "Maporomoko ya maji na wanyama. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mama atarudi na habari za mwaka mzima."

Jumamosi, saa nne asubuhi, Adelphi. Chebet alikuwa amebadilishana zamu ya usiku huo na mwenzake, lakini ile ya usiku wa Ijumaa ilimshinda kuikwepa, kwa hiyo aliingia garini akiwa bado na viatu vyeupe vya kazini. Hakuwa amefumba jicho. Mama alivaa koti la bintiye, leso kiunoni juu ya koti, na raba mpya. Mkononi alishika mfuko wenye chapati na chupa ya chai, na chini ya kwapa pakiti ya majani ya chai aliyotoka nayo Kenya.

"Hayo majani ni ya nini, Mama?" nilimuuliza.

"Siendi kwa watu mikono mitupu."

"Mama," Chebet akasema, "tunaenda kuona mto. Mto hauna mtu."

"Hakuna mto hauna mwenyewe," alijibu, akafunga mlango wa gari.

Tuliishika University Boulevard, kisha barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, gari sita sita zikienda sambamba. Chebet alikuwa amelala kabla hatujapita taa ya pili. Mama alikaa mbele na mimi. Nilimweleza yote: misitu, historia ya mto Potomac, na jinsi mimi nilivyojifunza barabara zile kwa wiki mbili tu wakati wengine huchukua mwaka. Alisikiliza kwa adabu.

Tulipoacha barabara kuu tukaingia vitongoji vya matajiri, nyumba zilianza kuwa kubwa kama shule za bweni, kila moja peke yake kwenye nyasi zake. Miti yote ilikuwa imegeuka rangi, mingine myekundu ya pilipili, mingine njano ya ndizi mbivu. Mama hakuitazama miti.

"Watu wako wapi?"

"Wamo ndani, Mama."

"Wote? Leo kuna matanga?"

"Hapana. Ndivyo wanavyoishi."

Alitikisa kichwa taratibu, na nilijua kuwa kule rohoni amemwongeza kuku mwingine kwenye banda.

Saa tano na nusu tulifika Great Falls, upande wa Maryland. Hapo mto Potomac, ambao mjini Washington umetulia kama ziwa, hubanwa na miamba na kuporomoka kwa hatua. Mahali pa kuutazamia hufikiwa kwa madaraja membamba yanayovuka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na chini yake maji hukimbia kati ya mawe kwa kelele. Niliwatanguliza, nikasimama pembeni kama ninavyofanya na wageni wangu wote. Siri ya kazi hii ni kunyamaza mgeni anapoona kwa mara ya kwanza.

Mama alisimama, mikono juu ya uzio wa chuma. Maji yalikuwa yakimwagika meupe kati ya miamba myeusi, upepo ukitupulizia manyunyu. Chebet aliniangalia. Mimi nikamwangalia Mama.

"Ni mazuri," alisema.

"Ndiyo, Mama!"

"Lakini hayaanguki. Yanateleza." Alionyesha kwa kiganja. "Kwetu maji inatoka juu ya ukingo, inaanguka hadi inasahau kama ni maji. Ikifika chini ni ukungu tu. Hii hapa ni mto ina haraka."

Niseme nini? Mimi mwenyewe ni mtu wa Marangu, nimezaliwa nikisikia maporomoko ukutani mwa chumba. Nimewapeleka Wajerumani wakalia machozi mbele ya maji yetu. Na hapa nilikuwa nimemleta mama wa Keiyo, ambaye anachota maji chini ya maporomoko kila asubuhi, kumwonyesha maporomoko. Niliona uso wa Chebet ukishuka. Nikasema upesi, "Maji ni mwanzo tu. Sasa wanyama."

Saa saba tulikula chapati kwenye nyasi, kisha tukaishika njia ya mfereji. Kando ya mto kuna mfereji wa kale ambamo zamani mashua za mizigo zilikokotwa na nyumbu waliotembea ukingoni. Siku hizi nyumbu hawapo, watu hutembea kwenye njia yao. Nilimweleza Mama kwamba sisi Wachaga tumechimba mifereji mlimani tangu zamani, kwa macho tu, bila vyombo vya kupimia, na maji yanapita penye kilima utadhani yanapanda.

"Na wewe umechimba?" aliuliza.

"Babu zangu, Mama."

"Aha."

Nilifanya kazi yangu kwa moyo. Nilimwonyesha kindi wa kijivu. Akasema wako. Nilimwonyesha kobe saba wamejipanga kwenye gogo wakiota jua. Akasema hao ni wavivu. Korongo mkubwa wa rangi ya samawati alisimama majini kwa mguu mmoja, na mimi nikanyamaza tena kile kimya cha kitaalamu. Mama akasema ndege huyo humwona kwenye bwawa la ng'ombe. Tuliona hata paa watatu, jike na watoto wake wakubwa, wakila majani hatua ishirini kutoka njiani. Nilijivunia sana paa wale.

"Hawakimbii," Mama alisema. "Nani anawalisha?"

"Hakuna, Mama. Ni wa porini."

"Porini gani? Wanangoja mtu awafungulie mlango."

Chebet alicheka kicheko cha uchovu. "Mosha, wacha tu. Umejaribu."

"Sijamaliza," nilisema.

Ilikuwa saa tisa hivi nilipouona mti wa kwanza. Ulikuwa umelala kando ya mfereji, umeanguka kuelekea majini, na kisiki chake kilikuwa kibichi. Mbele yake kulikuwa na mwingine, na mwingine wa tatu umekatwa nusu, bado umesimama. Chini palitapakaa vipande vya mti vyeupe. Damu ya kazi ilinipanda. Kwa wasiojua, adui mkubwa wa msitu wa Kilimanjaro ni mkataji wa usiku. Nimewafuata watu hao kwa miguu, nimewahi kulala kwenye mvua nikiwasubiri, na mara moja nilisababisha wanne wakamatwe. Nikikiona kisiki kibichi ndani ya hifadhi sihitaji kuambiwa.

"Wezi," nilisema. "Wamepita hapa, pengine usiku wa jana. Angalieni. Wametumia panga."

Mama alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Alipapasa kisiki kwa kidole gumba, akazunguka nacho pande zote kama mtu anayekagua chungu sokoni.

"Hii si panga."

"Ni panga, Mama. Au shoka dogo."

"Ni meno."

Kwa heshima nilitabasamu. "Mama, mti huu ni mnene kama paja langu."

"Nimeona. Panga inakata kutoka juu, mtu amesimama. Hii imekatwa kuzunguka, hapa chini kabisa. Ni mtu gani anakata mti akiwa amelala?"

"Wezi wana ujanja. Wanapiga magoti wasionekane."

"Haya. Labda msumeno?"

"Yaweza kuwa msumeno."

"Msumeno inatoa unga. Unga iko wapi?" Aliokota kipande akakiweka karibu na jicho langu. "Ona mistari. Mbili, mbili, mbili. Mbuzi yangu akikula gamba la mti inakuwa hivi, lakini huyu ni mbuzi mkubwa."

"Mama," nilisema, na hapa nakiri nilinyoosha mgongo, "mimi nina diploma ya mambo haya. Nimesoma wanyama wote wala miti. Ndovu huangusha. Nungunungu hubandua gamba. Hakuna mnyama duniani anayekata mti mzima kwa meno."

"Sawa," alisema Mama. "Mimi sijasoma."

Chebet akasema, "Mosha, si tuende tu?"

Lakini mimi si mtu wa kuona uhalifu nikapita. Nilikusanya vipande vitano vya mti kama ushahidi, nikavifunga kwenye leso yangu ya mfukoni. Tukarudi mwendo wa nusu saa hadi nyumba nyeupe ya zamani iliyoko kando ya mfereji, ambayo walinzi wa hifadhi huitumia kupokea wageni. Njiani nilipitia garini kuchukua nakala ya diploma.

Saa kumi. Mlinzi aliyekuwapo alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele za mvi na kofia ya ukingo mpana. Nilijitambulisha. Nikaweka diploma mezani, nikafungua leso juu yake. Kwa Kiingereza changu, ambacho ni kizuri, nilimweleza kwamba mimi ni mtaalamu mwenzake kutoka Kilimanjaro, na kwamba kwa masikitiko naripoti wizi wa miti: visiki vitatu, kimoja nusu, chombo kilichotumika ni panga, wahusika walipiga magoti.

Alisoma diploma yote, kuanzia juu hadi mhuri. Hilo nalishukuru hadi leo. Watu wengi Amerika hawakuwahi hata kuigusa. Kisha alichukua kipande kimoja akakigeuza, mdomo wake ukawa unapigana na kitu.

"Ni kweli kuna mtu anakata miti yetu," alisema. "Tunamfahamu. Hufanya kazi usiku. Mngependa kumwona?"

"Mnamjua na hamjamkamata?"

"Ni mwenyeji wa hapa kutuzidi sisi."

Akatoa picha ukutani. Alikuwa mnyama wa ukubwa wa mbwa, wa kahawia, mwenye mkia bapa kama mwiko wa ugali, na meno mawili ya mbele marefu yenye rangi ya chungwa. Wenyewe humwita biva. Kwetu hayupo, na kwa kuwa hayupo, hakuna mwalimu aliyepoteza chaki kutufundisha.

Sikuhitaji kutafsiri. Mama aliitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama picha tena. Akaweka kidole juu ya meno yale.

"Mbuzi mkubwa," alisema.

Chebet alijishika mbavu. Alicheka hadi akakaa sakafuni na viatu vyake vyeupe, na yule mlinzi, bila kujua neno lililosemwa, naye akacheka. Mimi nilichelewa kidogo, kisha nikacheka pia. Mtu aliyepanda kutoka upagazi hujua kujikwaa kwenye jiwe bila kuanguka.

Mlinzi alisema mnyama huyo hutoka jua likishuka, na kwamba wageni wakati huo hutakiwa kuondoka. Lakini kazi yake ilikuwa inaishia saa kumi na moja, na kama tungependa, angetupeleka mwenyewe akae nasi. Nilipomtafsiria Mama, alitoa ile pakiti ya majani ya chai akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mlinzi alirudi nyuma hatua. Sheria, alisema, haimruhusu kupokea zawadi.

"Anasema sheria inakataza, Mama."

"Mwambie hii si hongo. Nimeingia kwake. Angekuja kwangu ningempokea."

Nikatafsiri. Mlinzi aliinama kidogo, akasema sheria haimkatazi mtu kunywa chai na wageni. Basi tukakaa wanne kwenye ngazi za nyumba ile nyeupe, Mama akammiminia chai ya maziwa na tangawizi kutoka kwenye chupa. Alikunywa vikombe viwili, akamwambia Mama kwamba mumewe marehemu alipenda chai. Mama akasema wake pia. Baada ya hapo walielewana kuliko mimi nilivyokuwa nikitafsiri.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumekaa kimya kwenye gogo, mbele ya kidimbwi kando ya mfereji. Upande wa pili kulikuwa na lundo la matawi na matope, kubwa kama kichuguu kilichoanguka. Mlinzi alinong'ona, nami nikamnong'oneza Mama: lile ni nyumba. Ameijenga mwenyewe. Ndani ni pakavu, pana kitanda cha majani, na mlango uko chini ya maji ili adui asiuone.

"Amelala humo mchana wote?" Mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Akitoka anaenda wapi?"

"Kazini. Hukata miti usiku kucha, huivuta hapa kwa maji, hutengeneza nyumba, huwawekea watoto chakula cha majira ya baridi. Kukikucha huingia ndani."

"Kwa hivyo mtu akipita hapa mchana..."

"Haoni kitu, Mama. Atadhani hakuna mtu."

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya shaba. Halafu mstari ulichorwa juu yake, mwembamba, kama mtu anapitisha kisu kwenye maziwa, na mbele ya mstari kikatokea kichwa. Alikuja moja kwa moja mbele yetu akivuta tawi refu kuliko yeye kwa meno. Akalipeleka hadi kwenye nyumba, akapanda nalo kwa miguu ya nyuma huku akilikumbatia kwa mikono, akalisokomeza, akalipiga, akarudi kulisokomeza tena kwani hakuridhika. Nilinyanyua kamera. Mlio wake mdogo ulimfikia. Alipiga maji kwa mkia, mshindo kama mlango wa bati umebamizwa, akatoweka.

Mama alikuwa amesimama. Alikuwa akicheka, machozi yakimshuka, mikono kichwani.

"Fundi!" alisema kwa sauti. "Ai, fundi! Umemwona, Chebet? Ameona tawi imekaa vibaya, akairudia!"

"Nimemwona, Mama."

Mama alimgeukia. Nadhani ndipo alipoviona vile viatu vyeupe vya kazini, vimejaa matope ya mfereji. Alivitazama kwa muda. Kisha akaifungua leso yake kiunoni, akamfunika nayo bintiye mabegani, akaifunga fundo mbele kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa shule asubuhi ya baridi. Alimgeukia mlinzi, akamshika mkono, akamwambia kwa lugha ya kwao, "Kongoi," yaani asante. Mlinzi akajibu kwa neno lilelile, akalitamka vizuri kabisa.

Tulirudi Adelphi kwa barabara tuliyoijia. Mama alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma, kichwa cha Chebet kikiwa mapajani pake. Nilipoanza kueleza uhusiano wa biva na familia nyingine za wanyama wagugunaji, ambazo nilizikumbuka vizuri kutoka mwaka wa kwanza chuoni, aliniambia akinitazama kwenye kioo, "Nyamaza, kijana. Mtoto amelala."

Lilikuwa neno lilelile la Alhamisi. Lakini Alhamisi alikuwa amelisema kama mtu aliyefungiwa.

Jumatatu tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Dulles. Picha zangu zilipotoka dukani, ile ya fundi ilikuwa nyeusi tupu. Niliona haya. Ningejua basi kwamba Mama hakuihitaji, nisingepoteza usingizi.

Nilirudi Tanzania mwaka 1999, nikafungua kampuni, na baada ya miezi michache nikasafiri hadi Keiyo kumpelekea Mama mzigo kutoka kwa Chebet. Kutoka Eldoret hadi Iten ni tambarare ya mahindi, kisha ardhi inakatika ghafla na bonde lote linafunguka chini ya miguu yako. Niliyaona maporomoko yake. Ni kweli: maji yanaanguka hadi yanasahau.

Nyumba ya Mama ilikuwa mpya, ya mawe, yenye mabati ya kijani. Wamama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni kunipokea. Mama alifungua kabati la vyombo, akatoa kitambaa cha kufuma kilichokunjwa, na ndani yake vilikuwamo vipande viwili vya mti vyenye mistari, mbili, mbili, mbili. Vilikuwa vya ule ushahidi wangu. Mimi mtu wa hifadhi niliyeviokota sikujua hata alivitoa lini kwenye leso yangu. Vilipita mkono kwa mkono, na kila mama alipapasa meno kwa kidole gumba, akionekana amekwisha kufanya hivyo mara nyingi.

"Na huyu hapa," Mama alisema, "ndiye yule Mtanzania aliyesema ni panga."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. "Si ulisema amesoma?" mmoja aliuliza.

"Amesoma sana. Karatasi ilikuwa ndani ya gari."

Kipande kimoja alinipa. Nimekitundika ofisini Marangu pembeni mwa diploma, na vijana ninaowafundisha kazi huanza nacho. Nawaambia: mimi nilisoma nikafaulu, na mama mwenye mbuzi watano alikisoma kisiki kunishinda, basi mgeni akikuambia jambo porini, chuchumaa kwanza uangalie. Wageni wengi huuliza habari za kipande. Diploma huwaonyesha mimi mwenyewe.

Vicheko vilipotulia sebuleni, bibi mmoja mzee kwenye kona, aliyekuwa amekaa muda wote bila kusema, alimuuliza Mama, "Na Chebet, huko, mchana anafanya nini?"

"Analala," Mama alisema.

Wamama wakatazamana. Kwao mtu mzima akilala mchana ni mgonjwa, au ni mvivu. Mama hakuwa na haraka. Alikirudisha kipande chake kwenye kitambaa, akakikunja, akakifungia kabatini. Kisha akaugonga ukuta wa mawe kwa ngumi, mara mbili, wausikie ulivyo mzito.

"Hii nyumba yote," alisema, "imejengwa usiku."